Mawe ya Ngomeni na Karatasi za Makashani

Vijana wa Mombasa leo hulipa kiingilio ili waione Ngomeni kwa ndani. Sisi tuliozaliwa miaka ya arubaini tuliwajua watu waliouza mbuzi wao wakalipa faini ili wasiione. Fort Jesus ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, na kwa mtoto wa Mji wa Kale ukuta ule haukuwa historia wala nini. Ukisema fulani yuko Ngomeni, ulishusha sauti ili mamake asisikie.

Ndiyo sababu hatukushangilia sana wafungwa walipoondolewa. Taasisi ya Gulbenkian ya Lisbon ilitoa fedha, na James Kirkman, yule aliyefukua magofu ya Gedi, akasimamia uchimbaji na ukarabati. Mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. Barazani watu walicheka: Mreno kajenga, Mwomani kamtoa, Mwingereza katufunga mumo humo, na sasa pesa za kwa Mreno zarudi kuipiga ngome chokaa! Kicheko kilikuwa na haki yake, lakini kilitupa udhuru. Tukaamua kwamba makumbusho ni mambo ya wageni, tukayaacha hapo.

Na kazi ile, kusema kweli, ilikuwa nzuri. Kuna michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na Wareno waliokaa humo, na kwa jinsi ilivyochorwa unajua mchoraji hakuwa fundi, bali mtu aliyekumbuka kwao. Kuna vitu vilivyotolewa na wapiga mbizi kwenye Santo António de Tanná, merikebu iliyozama chini ya ngome mwaka 1697, wakati wa kuzingirwa kulikoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698 Waomani walipoingia. Mwaka 2011 UNESCO ikaitia ngome katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa upande wa mawe, basi, hatuna la kulalamikia.

Mimi shaka yangu iko kwenye karatasi. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake Mamazrui wakiitawala Mombasa kutoka ngome hiyo hiyo, kabla ya Seyyid Said kuitwaa mwaka 1837. Tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyaandika. Diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, na karatasi za Taylor ziko SOAS, London. Mtunzi wa Mvita, na mwenye kutaka kuuona mwandiko ule apande ndege! Miaka ya sitini J. W. T. Allen alizunguka akikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na hiyo angalau imebaki kwetu Afrika Mashariki.

Zilizosalia zilikuwa majumbani: tenzi, barua za biashara, hati za nyumba, mirathi, hesabu za majahazi, zote kwa herufi za Kiarabu. Hapa ndipo kizazi changu kilipopotea. Chuoni tulisoma msahafu, skuli tukafundishwa herufi za Kirumi, na mwandiko wa haraka wa babu ukatushinda. Tulipofungua kasha tukaona herufi tusizoweza kuzifuata, tuliogopa huenda mna jina la Mungu. Kwa heshima hiyo hiyo wengine walizichoma, wengine wakazizika. Waliobaki waliwaachia mchwa. Watu wa namna yetu hawahitaji adui wa kuwaibia historia.

Nyaraka, zaidi ya hayo, hazikai ngomeni kwa urahisi kama vigae. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu wa chumvi kutoka baharini. Ukilipiga chokaa linapumua, ukilipiga saruji maji yanakwama ndani na plasta inabambuka. Sahani ya Kichina hustahimili hewa hiyo. Karatasi huota ukungu. Kwa hiyo kuifanya ngome kuwa nyumba ya nyaraka ni kazi ya vyumba vikavu, makabati na watu waliosomea, na ni gharama. Lakini hata chumba kizuri namna gani hakiwezi kutunza kisicholetewa.

Siku hizi hakuna anayelazimika kuitoa hati yake moja kwa moja. Inapigwa picha, nakala inabaki kwenye hifadhi, asili inarudi kashani kwa mwenyewe. Basi wewe ambaye bibi yako yuko hai Kibokoni, Lamu au Unguja, muulize kasha liko wapi na funguo anazo nani. Usichome kitu wala usizike kitu mpaka kisomwe na ajuaye. Na ukimpata ajuaye, keti naye akufundishe, kwa maana waliobaki ni wazee.