Jicho Lisilouma

Leo twapenda kuwasimulia kosa letu wenyewe, ili lisije likawa kosa lenu.

Mwaka 2021 mama yetu mzazi, akaaye Kadutu katika mji huu wa Bukavu, alipatwa na wekundu katika jicho la kushoto. Haukumwasha, haukumwuma, wala haukutoa usaha. Nasi walimu, tuliozoea kujibu kila swali, tukasema upesi: "Ni moshi wa makala." Tukanunua dawa ya matone. Chupa ikafuata chupa, hata miezi 7 ikapita.

Wakati huo majirani walianza kunong'ona, maana wako watu ambao wakiona bibi mzee mwenye jicho jekundu humdhania mchawi. Mama akawa anajifunika kitambaa usoni hata kanisani. Hilo lilituchoma moyo, tukampeleka kwa daktari wa macho.

Daktari alivuta kope ya chini, akamwambia mama atazame juu. Hapo tukaona wenyewe: chini ya ngozi nyembamba ifunikayo weupe wa jicho palikuwa na kinyama laini, chenye rangi ya papai lililoiva.

"Nitakata kipande kidogo," alisema.

Mama akatushika mkono. "Mwanangu, watanitoa jicho?"

"Hapana, mama," daktari akajibu. "Ni kipande cha punje ya mchele tu, nami nitatia dawa ya ganzi kwanza."

Kwa nini kukata? Kwa sababu kutazama tu hakutoshi. Katika Afrika ya Mashariki iko kansa nyingine ya ngozi hiyo hiyo ya jicho, inayohusiana na jua kali na virusi vya UKIMWI, na matibabu yake ni mengine. Darubini ndiyo iwezayo kuzitenga. Jibu la mama lilikuwa limfoma, yaani kansa ya chembe nyeupe za damu, zile zilizo askari wa mwili. Ni jamaa ya uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji huko Kampala, aliuandikia mwaka 1958. Lakini ule hukua upesi mno. Huu wa mama hutambaa polepole kwa miezi na miaka.

Kisha walimpima shingo, makwapa, tumbo na damu, maana limfoma yaweza kujificha mahali pengine. Hawakuona kitu. Basi ilitosha kutibu jicho peke yake kwa mionzi. Mwaka 2022 tulivuka mto Rusizi tukaenda Kigali, ambako matibabu ya mionzi yalianza mwaka 2019. Kipimo kitumikacho mara nyingi ni grei 24, kikigawanywa katika siku 12. Mama alilala chini ya mashine dakika chache kila siku, bila maumivu. Baadaye jicho lilikauka, akapewa matone. Na safari hii matone yalikuwa na sababu.

Leo kile kinyama hakipo. Hata hivyo mama huangaliwa kila baada ya miezi 6, maana ugonjwa huu huweza kurudi hata miaka mingi ikiisha kupita.

Basi, wazazi na wanafunzi, jicho jekundu likipita majuma matatu bila kupona, hata lisipouma, lionyesheni kwa daktari wa macho. Na mzee mwenye jicho jekundu msimwite mchawi. Mshikeni mkono, mkamfikishe hospitali mapema kuliko sisi.