Mti ulioandikwa marehemu

Najua nimekuwa kimya, UE zilitubana kwelikweli. Leo nina habari ya mti. Msikimbie kwanza!

Jina lake la kitaalamu ni Erythrina schliebenii, jamii ya mikunde, mti wa misitu mikavu ya pwani ya kusini. Maua mekundu ya kupendeza, ila shina lina miiba mikali. Ukiukumbatia, shauri yako.

Miaka ya 1930 ulikusanywa mara mbili tu, maeneo ya Ziwa Lutamba, Lindi. Jina ulipewa la Schlieben, Mjerumani aliyekuwa akikusanya mimea huko. Baadaye msitu ukafyekwa ipandwe mikorosho, na mwaka 1998 IUCN wakauandika kuwa umetoweka. Kumbe bado! Mwaka 2001 ukaonekana kwenye kipande cha msitu kisichohifadhiwa. Mwaka 2008 hicho nacho kikafyekwa, safari hii kwa shamba la mazao ya nishati. Watu wakauaga tena. Mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa hapahapa Mlimani wakaukuta karibu na Kilwa, miti iliyokomaa haifiki 50.

Sasa mimi ni mtoto wa Lindi. Ada yangu, godoro langu, hata nauli ya kuja Dar, vyote ni korosho. Nilipomsimulia baba kwenye simu akauliza, "Huo mti unaliwa?"

"Hapana baba."

"Basi wasomi mna kazi!" Akacheka.

Sikumbishia. Mikorosho imetusomesha wanne. Lakini jamani, mkorosho asili yake Brazili, upo India, upo Vietnam. Ukikatwa Lindi, duniani bado upo. Huu wetu, kufyekwa kipande kimoja tu kulitosha kuuandika marehemu.

Na baba anataka kuongeza ekari mbili upande wa kichaka kilichobaki. Sina ubavu wa kumkataza, ndiyo ada ya mdogo wangu hiyo. Nimemwomba kitu kimoja: asiguse mpaka nifunge chuo, nipite humo kwanza nitazame mti mmoja mmoja. Amekubali, kwa sharti kwamba nikitoka humo nishike jembe.

Wenye ndugu Lindi na Kilwa, hebu nanyi waulizeni wazee kabla ya kiberiti. Naenda kupanga foleni ya wali maharage. Tuonane wiki ijayo!