Mapenzi ya Paka Hupimwa Masika

Niseme wazi mapema: mimi siyo mtu wa kufuga. Paka wa kulala kitandani, mbwa wa kuitwa “mwanangu”, kasuku wa kusalimia wageni, vyote hivyo kwangu ni mzigo kwa watu wanaotoka kazini saa mbili usiku. Mchumba wangu ni kinyume kabisa. Yeye anataka tukishafunga ndoa tuanze na paka wawili, halafu ndiyo tufikirie sofa. Kwa hiyo tulipopanda boti kwenda Unguja kwa wikendi ndefu, yeye alikwenda kupumzika, mimi nilikwenda kutafuta ushahidi wa kushinda kesi.

Na kwa kesi ya binadamu na paka, mahakama yenyewe ni Mji Mkongwe.

Paka wa hapahapa

Nenda Forodhani jua likizama. Wauzaji wakianza kupanga pweza, ngisi na mishikaki, paka nao wanashika nafasi zao chini ya meza. Asubuhi utawakuta Malindi, wavuvi wanapoteremsha samaki, au Darajani kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, wakizunguka mabucha kama wakaguzi wa afya. Mchana wamejinyoosha kwenye vibaraza vya mawe, milango ya nakshi nyuma yao. Ukiuliza huyu paka wa nani, jibu ni fupi tu: wa hapahapa.

Yaani hana mwenyewe, lakini mji wote unamjua. Kichwa cha samaki kinatoka nyumba hii, ukoko wa wali nyumba ile. Dini nayo ina mchango wake. Kwa Waislamu paka si najisi. Sahaba mashuhuri, Abu Huraira, jina lake lenyewe linamaanisha baba wa kipaka. Na watoto wengi wa madrasa wamesikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, wala asimwachie akajitafutia mwenyewe. Ukizingatia vizuri utaona kwamba mwanamke yule hakulaumiwa kwa kutomkumbatia paka. Kosa lake ni kumshika kisha kumtelekeza.

Hiyo nikaiweka mfukoni kama hoja yangu ya kwanza.

Mwanamke mwenye mkokoteni wa paka

Mkabala na Forodhani ipo Ngome Kongwe, ambako tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1997, limewahi kukesha na watazamaji chini ya nyota. Mahali kama hapo lazima mazungumzo yaangukie sinema. Mchumba wangu ana ugonjwa wa filamu za Kijapani, zile za ajabuajabu ambazo nusu saa inapita mtu anakunywa chai tu. Shahidi wake mkuu ni Rentaneko, filamu ya mwaka 2012 ya mwongozaji Naoko Ogigami.

Hadithi yenyewe ni kichekesho. Sayoko, mwanamke kijana, anavuta mkokoteni wenye paka kando ya mto, kipaza sauti mkononi, akiwatangazia wapweke kwamba paka wa kukodi wapo. Naam, kukodi, kama unavyokodi viti vya harusi! Wateja wanakuja: bibi kizee aliyebaki peke yake, baba wa makamo anayefanya kazi mbali na familia yake. Kila mmoja ana tundu moyoni, na paka anapewa kazi ya kuliziba.

“Unaona?” mchumba wangu akasema. “Paka anatibu upweke.”

Nikamwambia, mpenzi, mtazame Sayoko mwenyewe. Nyumba yake imejaa paka kila kona, lakini bibi yake aliyefariki bado anamkosa, na ukutani ameandika lengo lake la kupata mume. Paka kama dawa ya upweke, mbona mwenye duka haponi?

Akacheka, kisha akanibana. “Lakini hampi mtu paka hivihivi. Kwanza anakwenda kuona nyumba anayokwenda kuishi.” Hapo nikanyamaza, maana hiyo ilikuwa hoja.

Wageni wa wiki moja

Usiku ule nikawatazama wageni Forodhani. Kila meza ilikuwa na mtu anayemrushia paka kipande cha pweza, anampiga picha, anamwita majina matamu. Siwalaumu, starehe yao haina ubaya. Ila msimu wa watalii una mwisho. Masika yakishuka, Aprili na Mei, wageni wanapungua na hoteli kadhaa za pwani zinafunga milango hadi mvua ziishe. Paka aliyezoea jikoni la hoteli hajui kalenda.

Anayebaki naye ni yule mwenyeji asiyempiga picha wala kumpa jina, ila kila siku anatupa kichwa cha samaki palepale, mvua inyeshe isinyeshe. Ukimuuliza kama anampenda paka huyo, huenda akakushangaa. Mimi ningeita yale mapenzi, kuliko yale ya wiki moja.

Kesho yake tulikwenda Jozani, kusini mashariki mwa mji, hifadhi ya taifa tangu 2004, kuwaona kima punju, wale wekundu wa mgongoni ambao asili yao ni Unguja. Wanapita karibu mpaka unatamani kunyoosha mkono. Mwongozaji anakukataza: usiguse, usilishe. Pale kumpenda mnyama ni kumwacha na majani yake. Hapo nami nilijisikia nyumbani.

Kwa nyie mnaopanga kuishi pamoja

Basi kesi yetu iliishaje? Mimi bado si mtu wa kufuga, na sitajifanya. Lakini swali limebadilika. Kabla, tulikuwa tunabishana nani anapenda wanyama zaidi. Sasa tunaulizana mambo ya Sayoko ya kukagua nyumba: Nani atabaki naye tukisafiri Desemba? Nani atalipa daktari wa mifugo mwisho wa mwezi mfuko ukiwa mtupu? Mmoja wetu akihamishiwa Mwanza, paka anakwenda na nani?

Mkishindwa kujibu hayo kuhusu paka, jamani, jiulizeni mtayajibuje kuhusu mtoto, au kuhusu mama mkwe akiugua. Kuonyesha mapenzi Forodhani, taa zikiwaka na pweza akinukia, ni rahisi kwa kila mtu. Mwenzako mwangalie Aprili, maji yanapoingia mlangoni.

Mchumba wangu amepewa hadi masika yajayo kuniletea majibu. Nimesikia tayari ameanza kuyaandika.