Kwa Treni Hadi kwa Paka wa Van

Treni ya Ankara kwenda Tatvan wameiita Vangölü Ekspresi, ingawa sikuona haraka yoyote ndani yake. Safari inazidi saa 24. Ukishapita Kayseri, Sivas na Malatya, reli inaingia mabonde ya mto Murat, mmoja wa mito inayozaa Furati, na hapo mabehewa yanatambaa kando ya maji, handaki baada ya handaki. Nilikuwa mwanafunzi Ankara, na upande wa mashariki wa nchi nilikuwa naujua kwa ramani tu. Kila niliyemwambia naenda Van aliniuliza: unafuata kifungua kinywa au paka? Mji huo unasifika Uturuki nzima kwa vyote viwili. Kifungua kinywa nikimalize hapahapa: jibini lenye majani ya mlimani, asali, malai mazito, chai isiyokatika. Mimi nilifuata paka.

Jirani yangu kwenye treni alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, anarudi kwao Van na kapu la mikate. Alinimegea kabla hata hatujajuana majina. Nilipomwonyesha kwenye simu picha ya paka niliyemtarajia, mwili mweupe, kofia ya rangi ya kutu kichwani na mkia wa rangi hiyohiyo, aliirudisha simu kwa upole.

"Huyu ni mzuri, mwanangu. Lakini ukifika kwetu, tazama macho. Mkia ni mambo ya Waingereza."

Alikuwa na hoja. Mwaka 1955 wanawake wawili wa Kiingereza, Laura Lushington na mpigapicha Sonia Halliday, walikuwa wakizunguka Uturuki, wakapewa watoto wawili wa paka, dume na jike, wenye alama hizo za kichwani na mkiani. Wakawapeleka Uingereza. Walipozaa, watoto wakatoka na alama zilezile, na wakizaliana tena, zilezile. Mwaka 1969 chama kikuu cha wafuga paka cha huko kikawatambua kuwa aina rasmi. Leo paka yeyote mweupe mwenye rangi kichwani na mkiani tu, hata awe wa aina nyingine kabisa, wafugaji husema ana "alama za Van". Ila wale wawili wa mwanzo, mmoja alitoka İskenderun, pwani ya Mediterania, na mwingine Istanbul. Jina la mji walilibeba. Kuzaliwa, walizaliwa kwingine.

Tatvan reli inaishia ziwani. Mabehewa yanayoendelea hadi Van hupakiwa kwenye kivuko, kwa kuwa ziwa lina kina cha mita 451 na milima inayolizunguka haina huruma kwa wajenzi wa reli. Nilishuka hadi ufukweni kunawa uso. Maji yana magadi, yanateleza mkononi kana kwamba mtu ameshayatia sabuni. Volkano ya Nemrut ndiyo iliyoziba njia ya maji kutoka, na tangu hapo chumvi inakusanyika. Ng'ambo, kaskazini, mlima Süphan wenye mita 4,058 ulikuwa bado na theluji, na huo ulikuwa mwezi wa tano.

Nilipanda basi dogo linalofuata ufuko wa kusini. Karibu na Gevaş unakiona kisiwa cha Akdamar na kanisa ambalo mfalme Gagik wa Waarmenia alilijenga kati ya mwaka 915 na 921. Waarmenia waliishi pande hizi karne nyingi, mpaka mauaji na kufukuzwa kwa mwaka 1915. Nao wana jina lao la paka huyu, Wakurdi wana lao, Waturuki wana lao, na kila mmoja anasema ni wake. Hadithi ya watalii inamrudisha nyuma zaidi: eti alishuka kwenye safina ya Nuhu huko Ararati, akaogelea hadi hapa. Msomaji wa Kurani atakumbuka kwamba humo safina inatua Judi. Lakini wauza sanamu za paka hawaulizwi maswali ya namna hiyo.

Mjini unapokewa na sanamu kubwa ya paka na mwanawe, jicho moja la bluu, jingine la njano. Wa kweli wanafugwa kwenye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Yüzüncü Yıl. Mlezi mmoja alinipakatisha jike. Mweupe mwili mzima, bila doa. Manyoya ni marefu kiasi na laini kama hariri, lakini chini yake hakuna ile sufi nzito ya paka wa baridi. Ndiyo maana akilowa hukauka upesi. Jicho la kulia lilikuwa la asali, la kushoto bluu ya barafu. Mlezi alipiga makofi nyuma ya kichwa cha paka. Sikio la kulia likageuka, la kushoto likatulia. Upungufu wa chembe za rangi unaolifanya jicho kuwa bluu unaweza kuharibu pia sikio la upande huohuo. Wenye macho yote mawili ya bluu wengi ni viziwi kabisa.

Bwawa la paka kuogelea lipo. Saa nzima niliyokaa, hakuna aliyetia hata ukucha.

Kwenye chumba cha wazazi kulikuwa na familia iliyokuja kuchagua kitoto. Wote wanne kwenye kikapu walikuwa na macho ya bluu-kijivu, maana kila paka huzaliwa hivyo, na rangi yenyewe huja baada ya wiki kadhaa. Baba mtu alitaka mwenye macho mawili tofauti, na alimtaka siku hiyohiyo.

"Mama yao ana tofauti, baba yao ana tofauti," alibisha. "Hawa watakuwaje?"

"Yeyote anaweza kuwa na bluu mbili, au asali mbili, au moja moja," mlezi akajibu.

"Sasa nichukue yupi?"

"Mchukue aliyekupanda begani, bwana. Ameshakuchagua yeye."

Baba aligeuza shingo. Kitoto kilikuwa kinatafuna kola ya shati lake.