Waja Leo, Waondoka Leo

Nilishuka stendi ya Kange saa kumi jioni, jasho linanitoka, begi mgongoni, na kabla sijafika getini kijana mmoja wa bodaboda akanidaka. "Bosi, karibu Tanga. Nikupeleke hoteli gani?" Nikamwambia Makorora. Akatazama viatu vyangu, akatazama begi, akasema elfu tano. Elfu tano, jamani! Mimi niliyezaliwa Makorora, niliyevunjika mkono darasa la nne kwa kuanguka na baiskeli Barabara ya Kumi na Mbili! Nikamgeuzia lafudhi ya nyumbani: "Mgosi, waniona mgeni mie?" Akacheka, tukaelewana kwa elfu mbili. Lakini njia nzima nilikuwa nimenuna, maana kijana wa watu hakukosea sana. Nilikuwa nimekuja kwa siku tatu, kwa gharama za gazeti, na tiketi ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa tayari mfukoni.

Kama hujawahi kufika kwetu, Tanga ina msemo wake: waja leo, waondoka leo. Kila mtu ana tafsiri yake. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kijembe kwa wageni, wale wanaokuja kuuza na kununua, wakala samaki wetu, kisha hao wakaenda zao. Siku hizi nikiusikia najisikia kama mtu aliyetajwa jina kwenye mkutano.

Hapa Dar, ukisema unatoka Tanga, mazungumzo yanajulikana yatakakokwenda. Mahaba. Eti mwanamume akienda Tanga kikazi harudi, mkewe atangaze amepotea. Eti Tanga hakuna haraka, hata mgonjwa mahututi anapanda baiskeli. Chumba chetu cha habari kina mabingwa wa utani huu, na naomba nikiri kwamba bingwa wao ni mimi. Mimi ndiye niliyewaambia kuhusu silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka duniani tangu miaka milioni 65 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia miaka ya 2000 wavuvi wa kwetu wakawa wanawatoa kwenye nyavu, hadi serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yao mwaka 2009. Nikawaambia wenzangu: mnaona, hata kiumbe aliyekwisha kufa, akija Tanga hapati taarifa. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Lakini siku moja mwenzetu mmoja, mtu wa Mwanza, akarudia utani huohuo mbele yangu, neno kwa neno. Nikakasirika. Nikamjibu vibaya, na mpaka leo sijamweleza kwa nini. Ningemweleza nini? Kwamba matusi ya nyumbani yana wenyewe?

Mwanza, kwanza! Hebu tuzungumze namba kidogo, mniwie radhi. Sensa ya 1967 ilikuta Tanga mjini watu 61,058. Mwanza walikuwa 34,861, Arusha 32,452. Yaani ukiiondoa Dar es Salaam, mji mkubwa kuliko yote Tanzania Bara ulikuwa huu wetu. Ilipofika sensa ya 2012 tulikuwa 273,332, Jiji la Arusha 416,442, na Mwanza, ukijumlisha Nyamagana na Ilemela, wamevuka laki saba. Hatukupungua. Tulipitwa tu. Hata hadhi ya jiji tuliipata mwaka 2005, na nakumbuka watoto wa mtaa wetu tukizunguka na baiskeli kutafuta kilichobadilika.

Chanzo cha ukubwa ule kilikuwa mkonge. Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893, na inasimuliwa kwamba miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche 62 tukafika zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka, hiyo ilikuwa 1964, na hakuna nchi iliyotufikia. Halafu nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Kipi kiliua mkonge, bei au Azimio? Barazani kwetu kuna wazee wawili hawasalimiani vizuri kwa ajili ya swali hilo. Mimi naona bei ilianza, na sisi tukamalizia.

Mkonge ukiwa unayumba, serikali ikaleta viwanda: chuma, mbolea, sabuni ya Foma, na vinginevyo. Kile cha mbolea kilianza 1972, kikafungwa 1991. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja, jina naliacha, maana mambo yake hayajaisha. Mwaka 1996 waliitwa uwanjani wakaambiwa waende nyumbani miezi mitatu, mashine zinafanyiwa matengenezo. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Miezi mitatu ile haijaisha mpaka leo. Katika utoto wangu wote kulikuwa na ovaroli la bluu limetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani, na kila baada ya muda mama analifua, analianika, analirudisha pale pale. Mafao alifuatilia miaka: njoo wiki ijayo, njoo na nakala, njoo na barua ya mwanzo. Baadaye akafungua kazi ya kutengeneza baiskeli chini ya mwarobaini mbele ya nyumba, na Tanga fundi baiskeli hafi njaa. Hicho ndicho kilichonisomesha mpaka Mlimani: pancha, minyororo na breki za watu wa Ngamiani.

Sitaki kudanganya kwamba nilikulia huzunini. Nilikulia raha. Ngamiani imepangwa kwa mistari na barabara zake zina namba, Ya Kwanza, Ya Pili, Ya Tatu, unahesabu mpaka unachoka, kwa hiyo hata mtoto wa miaka sita hapotei. Jioni mkate wa ajemi wa moto. Jumamosi Mkwakwani kuiangalia Coastal Union na kusimuliwa kwa mara ya elfu ubingwa wa 1988, na watu waliousimulia utadhani ulichukuliwa juzi. Ila nilipofika kidato cha nne nilianza kuona jambo moja: kila mtu aliyenivutia alikuwa ameshaondoka. Mwalimu wa hisabati, Arusha. Kaka wa jirani, Dar, halafu Maskati. Mpaka marehemu Bi Shakila, sauti iliyotoka kwenye taarabu ya mji huu, watu wa Dar waliishi naye kama wa kwao. Nikajiambia na mimi naondoka. Niliondoka.

Na cha ajabu, ukiangalia vizuri, mtu wa kazi yangu hakuwa na sababu ya kuukimbia mji huu. Wajerumani walichapisha gazeti la Kiswahili la Kiongozi hapa Tanga hadi vita vilipolizima mwaka 1916. Shaaban Robert amezaliwa hapa jirani, 1909, na kaburi lake liko Machui. Nimefika Dodoma kuhudhuria Bunge sijui mara ngapi. Machui sijafika hata mara moja.

Sasa nisikilizeni. Miaka mitatu iliyopita niliandika makala kuhusu Tanga, ukurasa mzima, na picha ya kiwanda kilichoota majani. Nilikuwa na ofisa wa halmashauri, mhadhiri wa uchumi, mfanyabiashara, hata mwanafunzi. Ilisifiwa. Mhariri aliisoma sentensi moja kwa sauti mbele ya wenzangu: "Waliobaki Tanga ni wale walioshindwa kuondoka." Nilivimba kichwa wiki nzima. Baba hakusema kitu. Mama ndiye aliyeniambia kwenye simu kwamba mzee ameikata makala na kuiweka kwenye bahasha, pamoja na vyeti vyangu, nami nikafurahi kweli, nikidhani ni fahari.

Safari hii nilitumwa kuandika kinyume chake. Mambo ya Tanga yamegeuka, si unajua? Bandari yetu ilikuwa na kina kifupi, meli kubwa zikitia nanga huko nje, mizigo ikishushwa kwenye matishari ndipo iletwe nchi kavu. Zimemwagwa bilioni 429 kuongeza kina na kujenga gati, na sasa meli zinafunga gatini. Na Chongoleani, ambako sisi tulikujua kwa samaki na mikoko, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Agosti 2017, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukasainiwa Februari 2022. Mhariri alitaka kurasa mbili zenye furaha.

Nilikwenda bandarini, nikaenda Chongoleani. Nilizungumza na vijana waliopata kazi ya kuchomelea vyuma na wengine waliopata kazi ya ulinzi, na mmoja aliyekosa zote mbili akaniuliza kama gazeti letu linahitaji mtu. Mama mmoja muuza chapati aliniambia biashara yake imepanda, kodi ya chumba nayo imepanda, kwa hiyo wamekutana njiani. Niliandika yote. Lakini nilikuwa na kitu kimenikwama kooni, na jioni nilipopita Raskazone nikaona kilikuwa nini. Upepo wa bahari, baiskeli mbili zinakwenda polepole sambamba, wenye baiskeli wanaongea kana kwamba wamekaa sebuleni. Nikaogopa. Nikaogopa malori, foleni, na nyumba za ghorofa zitakazoziba ile bahari. Mimi huyu niliyelia miaka yote kwamba mji haukui! Nilitaka Tanga ikue mimi nikiwa mbali, kisha nikirudi Idi niikute vilevile. Usiku huohuo rafiki yangu wa Dar akanitumia ujumbe: nitafutie kiwanja huko kwenu, nasikia panalipa. Sijamjibu.

Usiku wa mwisho tulikaa barazani, mimi na baba. Umeme ulikuwa umekatika, mama yuko ndani na taa ya simu. Nikamwambia kuhusu bandari, kuhusu bomba. Akasikiliza. Kisha akauliza, "Hivi umewauliza watu wangapi?" Nikasema kama kumi na tano. Akasema, "Safari ile ulipoandika kwamba tuliobaki tumeshindwa kuondoka, uliwauliza wangapi?"

Msomaji, nilitamani umeme usirudi.

Nikaanza kujitetea: baba, ile ilikuwa lugha ya picha, nilimaanisha uchumi, mfumo. Akaniacha nimalize. Akasema, "Mwaka ule tuliporudishwa nyumbani, mwenzangu aliniita Dar. Kiwanda kipo, chumba kipo, nauli alituma. Mama yako anajua." Kutoka ndani mama akaitikia kwamba ni kweli, nauli ilirudishwa. Nikauliza kwa nini hakwenda. Nilikuwa tayari kusikia kuhusu bibi aliyekuwa anaumwa, au kuhusu mimba yangu, au zile mashine zilizokuwa zifufuke baada ya miezi mitatu. Akasema, "Napapenda hapa." Basi. Akanyamaza, kama mtu aliyeulizwa saa akaitaja.

"Lakini baba, hukuwahi kusema."

"Hukuniuliza. Ulimuuliza profesa."

Asubuhi alinisindikiza Kange na baiskeli yake, Phoenix ileile iliyo na umri kunizidi, mimi nikiwa kwenye bodaboda mbele, naona aibu kumwambia dereva apunguze mwendo. Akafika dakika kumi baada yangu, mfuko wa machungwa ya Muheza umening'inia kwenye usukani na mkate umefungwa kwenye gazeti. Nililitazama gazeti, nikashukuru halikuwa langu. "Shikamoo baba, nimeondoka." "Marahaba. Salimia huko."

Ndani ya basi niliiandika habari yote kwenye simu. Mashamba ya mkonge yalipokwisha na tukaipita Segera, nilikuwa na maneno elfu moja na mia mbili. Baba yumo, bila jina, fundi baiskeli aliyerudisha nauli. Mhariri akanipigia jioni: habari nzuri, ila yule mzee wa baiskeli amemkata, nafasi haitoshi, na kichwa cha habari ni "Tanga Yaamka". Nikamwomba atafute neno jingine. Akaniuliza neno gani, nikakosa. Akasema kurasa zimeshakwenda kiwandani.

Jumapili saa mbili asubuhi simu ikaita. Baba. Ameshanunua gazeti, ameshalisoma lote, na nyuma yake nasikia wazee wa barazani wakibishana.

"Tumeona," akasema. "Hawa wenzangu wanauliza, kwani nani alikuwa amelala?"