Balo iliyofungwa katika kabati: safari yetu ya Kamalondo

Siku ya Yenga moja, saa kumi na mbili ya asubuhi, nilipanda taksi-bisi hapa Likasi pamoja na binti ya dada yangu mkubwa, mwana wa miaka 13. Tulibeba chupa ya maji, mikate mine, na bendera ndogo nyeusi na nyeupe niliyoishona mwenyewe. Tulikuwa tunaenda Lubumbashi kuangalia Mazembe.

Bwana yangu alitusindikiza mpaka kwenye kituo, lakini hakututakia ushindi. Yeye ni mtu wa Lupopo. Wamama wanaotujua wanajua pia kwamba chini ya paa yetu kuna ekipe mbili, na kwamba juma la derby chakula kinapikwa, lakini maneno yanakuwa machache. Alitupungia mkono akasema: « Muende muzuri, murudie muzuri. Ile ingine, Mungu ataamua. »

Njia ya kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 120. Wengi wenu mnaijua. Malori ya shaba yanatoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa na kuingia Zambia, na taksi-bisi yetu ilitembea muda mrefu nyuma ya moja, dereva akitafuta nafasi ya kupita. Pembeni mwa njia kuna mifuko ya makala imesimama mistari mistari, na vichuguu vikubwa kuliko nyumba ya mlinzi. Mwana alikuwa anahesabu vichuguu. Alipofika hamsini na kitu alilala juu ya bega langu, na mimi nikabaki na mawazo yangu.

Wengine watauliza: mwalimu, mwanamke mwenye watoto, anatafuta nini mbali hivi kwa ajili ya balo? Nitajibu, lakini si mara moja.

Tulipoingia Lubumbashi nilimwamsha ili aone ile chimene ndefu ya Gécamines, na karibu yake mlima mweusi wa takataka za shaba. Kila mtu aliyekomea Lubumbashi anajua kwamba hauko nyumbani mpaka umeviona hivyo viwili. Tukashuka mjini, tukala mikate yetu, halafu tukaenda kwa miguu mpaka Kamalondo.

Kamalondo ni komini ndogo. Wakati wa ukoloni iliitwa Albert, na ndipo Waafrika waliokuja kufanya kazi mjini walipangiwa kukaa. Leo ina nyumba za zamani zilizosongamana, baa nyingi, muziki mlangoni, na wazee walioketi kwenye viti vya plastiki wakibishana juu ya mechi zilizochezwa kabla sisi hatujazaliwa. Katikati ya nyumba hizo umesimama uwanja wa Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011. Unaingiza watu zaidi ya 18 000, na majani yake ni ya bandia, hayaogopi mvua ya mwezi wa kwanza.

Siku ya mechi njia zote zinageuka soko. Wamama wanauza karanga, mayai ya kuchemsha, kikanda, munkoyo katika chupa, na maji baridi. Tulinunua kikanda kwa mama mmoja, akamwangalia mwana akaniuliza: « Mwalimu, na huyu anaingia? » Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu. Labda ni namna niliyohesabu pesa iliyorudi. Nikamwambia: « Ndiyo, mama, anaingia. » Akacheka, akatuongezea kipande kimoja.

Tulipokuwa kwenye mstari wa tiketi nilimweleza mwana habari ambayo watu wengi hawaijui, hata wale wanaopiga kelele kuliko wote. Ekipe hii kubwa haikuanzia kwa matajiri. Ilianzia masomoni. Mwaka 1939 mapadri Wabenedikto walikuwa na chuo kilichoitwa Saint-Boniface, hapa Lubumbashi, wakati mji ulikuwa unaitwa Élisabethville. Walitafuta kitu cha kufanyiwa na wanafunzi wasiokuwa na nia ya kuwa mapadri. Wakaunda ekipe ya balo, wakaipa jina la mtakatifu Georges. Baadaye jina likageuka. Kwa miaka mingi iliitwa Englebert, jina la mipira ya gari kutoka Ubelgiji. Kwa jina hilo ilichukua kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968, kabla ya kujulikana kama Mazembe.

Na ili bwana yangu asiseme nimewasahau ndugu zake: Saint-Éloi Lupopo ilianza mwaka ule ule wa 1939, kwa watu wa reli. Ndiyo maana mpaka leo wanaitwa Cheminots. Mji mmoja, mwaka mmoja, ekipe mbili, na ugomvi usiokwisha.

Mwana akanisikiliza, akasema: « Basi walikuwa kama sisi wa kilasi? » Nikasema ndiyo, walikuwa wana wa kilasi na uwanja wa masomo, basi. Nilisema hivyo nikasikia kitu kinanichoma, kwa sababu nilikumbuka kabati.

Lakini niwapeleke kwanza mwaka 2010. Nilikuwa mwanafunzi wa ISP, hapo hapo Lubumbashi. Kati ya promosho na promosho tulikuwa na mechi, na sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kuimba, kuleta maji na kushika viatu vya wenzetu. Niliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, na nilijua majina ya wachezaji kuliko wengi wa wale waliokuwa wanacheza. Mwezi wa kumi na mbili Mazembe ilikwenda Abu Dhabi, kwenye kombe la dunia la klabu. Jioni ile ya kucheza na Internacional ya Brazil, tulijaa katika chumba kimoja chenye televizyo ndogo, watu zaidi ya thelathini, wengine madirishani. Kabangu akafunga. Kaluyituka akafunga. Kidiaba, mlinda goli wetu, akaruka kwa matako uwanjani kama chura, na dunia nzima ikauliza huyu ni nani. Mbili kwa bila! Kwa mara ya kwanza ekipe isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini ilifika finali ya kombe lile. Siku nne baadaye Inter ya Milano ilitufunga tatu kwa bila, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kupoteza sauti, na hakuna aliyeturudishia huzuni. Asubuhi nilikuwa na mtihani wa saikolojia. Niliandika kwa mkono uliokuwa bado unatetemeka, nikapata nusu na kidogo.

Basi, mimi ni mtu wa balo. Sijificha. Nina mawazo yangu, na nitayasema: mwamuzi hana makosa mengi kama tunavyodai, ni sisi tunaoona kwa jicho moja. Mchezaji anayelala chini kila dakika anatuibia pesa ya tiketi. Na mwanaume anayemweleza mwanamke sheria za mchezo bila kuulizwa, kwa kawaida ndiye asiyezijua.

Mechi ya siku ile haikuwa nzuri sana. Ekipe iliyokuja ilikaa nyuma yote, na Mazembe ilizunguka kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Lakini wale wenye ngoma na tarumbeta hawakunyamaza hata dakika moja, na mwana wetu alisimama juu ya kiti tangu mwanzo mpaka mwisho. Goli lilipatikana kwa kichwa, baada ya koneri, zikiwa zimebaki dakika chache. Mzee mmoja nisiyemjua alinikumbatia kama dada yake. Halafu aliniomba radhi, na kunikumbatia tena.

Wakati watu wanatoka, mwana alibaki amekaa. Alikuwa anaangalia majani. Akaniuliza: « Mama mudogo, wanamuke nao wanachezaga hapa? »

Nikamwambia kwamba Mazembe ina ekipe ya wanawake. Nikamwambia kwamba mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2024 wanawake hao walikwenda Marokko, wakacheza finali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika na AS FAR, ekipe ya palepale Marokko, wakaishinda moja kwa bila. Ilikuwa mara ya kwanza klabu ya wanawake wa Kongo kuchukua kombe hilo. Macho yake yalifunguka. Akasema: « Na kwenu kwa masomo, wanamuke wanachezaga? »

Hapo, wapenzi, sikuwa na jibu zuri.

Kwa sababu miaka mitatu iliyopita, katika masomo ninayofundisha, wasichana wa kilasi ya pili walikuwa wameanza kucheza saa ya mapumziko. Walikuwa saba au nane. Mmoja kati yao, mwembamba, mwenye mguu wa kushoto, alikuwa anapita watu kama maji yanavyopita kati ya mawe. Mzazi mmoja akaja kulalamika. Alisema balo itawaharibu, itawakomaza miguu, itawakosesha ndoa. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kumweleza. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka, mshahara haukuwa umefika, na sikutaka matata. Nilichukua balo nikaifunga katika kabati. Nikawaambia: « Hiyo ni mambo ya vijana. »

Yule wa mguu wa kushoto alisimama mbele yangu. Hakuonyesha hasira. Aliniuliza tu: « Mwalimu, na wewe unapendaka balo. Juu ya nini unatukataza? » Nilimrudisha kilasini. Kisha wazazi wake wakahamia Kolwezi, na sikumwona tena.

Mwaka 2024, wakati wanawake wa Mazembe walipochukua kombe, nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nilikaa kimya. Nilikuwa ninafurahia miguu ya wanawake ambao mtu fulani, mahali fulani, hakuwafungia balo. Kama kila mmoja wao angekuwa na mwalimu kama mimi, ni nani angepiga ile penalti?

Usiku ule ndani ya taksi-bisi, wakati wa kurudi Likasi, mwana alilala tena. Niliangalia taa za malori na kufikiri juu ya wale mapadri wa 1939. Sidhani walijua kwamba wanaunda mabingwa wa Afrika. Walikuwa na wanafunzi wenye nguvu nyingi, na saa tupu za jioni. Walichofanya ni kutoa balo, basi. Yote yaliyofuata, uwanja, makombe, Abu Dhabi, yule mzee aliyenikumbatia, yalitoka katika balo iliyotolewa nje siku moja. Na mimi nilikuwa na ufunguo wa kabati mfukoni.

Siku ya kwanza niliomba ruhusa kwa mkubwa wa masomo. Alikuna kichwa, akasema: « Siku ya tatu, kisha masomo, na wewe mwenyewe ubaki hapo. » Nilimwendea pia yule mzazi aliyelalamika zamani. Tulikaa, tukanywa chai. Sikumwambia kwamba alikosa; nilimwambia kwamba mimi nilikosa kwa kunyamaza. Nilimweleza kwamba nitakuwepo kila mara, kwamba watavaa vizuri, kwamba atakayeshindwa katika kazi ya kilasi atasimama kwanza mpaka atengeneze. Hakusema ndiyo. Alisema atakuja kuangalia.

Balo ilipotoka katika kabati ilikuwa imelala kama bukari iliyopoa. Aliyeijaza upepo ni bwana yangu, mtu wa Lupopo, kwa pompo ya kinga yake, akisema kila mara kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya Mazembe.

Siku ya tatu walikuja wasichana tisa. Wawili walikuwa na sandali, mmoja alicheza miguu wazi. Binti ya dada yangu alisimama kati ya mawe mawili, ndiyo yalikuwa goli, na aliposhika balo ya kwanza alijaribu kuruka kwa matako kama Kidiaba. Alijiumiza kidogo, akacheka. Yule mzazi alikuja kweli. Alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma, dakika kumi hivi. Halafu aliondoka bila neno. Juma lililofuata binti yake alikuwa wa kumi.

Wamama wa shirika letu, sina mengi ya kuomba. Mkiwa na viatu vya mpira ambavyo watoto wenu wamekwisha kuviacha, namba yoyote, mniletee kwenye mkutano wa siku ya posho. Na kama kati yenu kuna mwenye ndugu Kolwezi, anayemjua msichana mwembamba wa mguu wa kushoto aliyesoma kwetu Likasi, amwambie kwamba mwalimu wake amefungua kabati, na kwamba anamwomba radhi.