Wasini: Samaki Tele, Maji kwa Kipimo

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unakwenda kisiwani Wasini, swali lake la kwanza ni moja tu: "Huko watu hula nini?" Jibu ni rahisi. Kuna kaa, pweza, tasi, changu na kolekole. Lakini mimi, ndugu msomaji, niliifuata samaki Wasini, nikarudi nimefunzwa thamani ya maji.

Safari haina taabu kubwa. Ukitoka Mombasa unavuka feri ya Likoni, kisha unaishika barabara ya Lunga Lunga. Unapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, halafu unakata kushoto hadi Shimoni, mji mdogo wa wavuvi wenye mapango yaliyoupa jina lake. Gatini unapanda mashua, na baada ya kitambo kidogo umefika.

Kisiwa chenyewe kina urefu wa kama kilomita 5 na upana wa kilomita 1 hivi. Miongoni mwa vijiji vyake ni Wasini na Mkwiro, na miongoni mwa wenyeji ni Wavumba, watu wenye lahaja yao ya Kiswahili, Kivumba. Honi ya gari huisikii. Huko mtu huenda kwa miguu yake. Chini ni mwamba wa matumbawe mtupu. Hakuna mto, hakuna chemchemi.

Wageni wengi huja kwa jahazi kutwa moja tu. Kwanza hupelekwa Kisite-Mpunguti, sehemu ya bahari iliyotengwa mwaka 1978 ili samaki na matumbawe yahifadhiwe. Wakishaogelea na kuwatazama pomboo, huletwa Wasini kula chakula cha mchana.

Nami nilianza hivyo hivyo. Kwanza ililetwa sahani ya mwani wa kukaanga na vipande vya ndimu. Kijana mmoja wa chuo aliyekaa karibu nami akaguna, "Sasa tunalishwa majani ya bahari?" Nikamwambia kwamba Wajapani, watu wenye magari na mitambo ya kila aina, huukausha mwani ukawa kama karatasi, wakaufungia wali. Na huko Osaka, mji mkubwa kabisa, pweza hukatwa vipande vidogo, hutiwa ndani ya donge la unga na kuuzwa barabarani angali moto, kama sisi tunavyouziana viazi karai. Kijana akaonja. Sahani ilipoondolewa ilikuwa tupu.

Kisha akaja kaa wa tangawizi, mzima mzima, pamoja na kibao na kigongo cha kuvunjia magamba. Nilipigana naye nusu saa. Alishindwa, lakini shati langu halikusalimika.

Hayo yalikuwa ya hotelini. Siku ya pili mwenzangu mmoja alitupeleka kijijini kwa jamaa zake. Tulipiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Starehe."

Mama yule alikuwa mtu mzima, mwingi wa tabasamu, na aliturushusu tukae karibu na jiko tukitazama. Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Samaki walikuwa wamekwisha kuparuliwa na kuoshwa huko huko pwani, kwa maji ya bahari. Pweza alipondwapondwa juu ya jiwe mpaka akalainika, akabandikwa motoni bila hata tone la maji.

"Mbona hukumtia maji, mama?" nikauliza.

"Pweza hatiwi maji, mwanangu. Mpe moto, maji atayatoa mwenyewe."

Kweli, baada ya muda sufuria ilikuwa ikitokota. Akaongeza vitunguu, bizari na tui zito. Maji ya kukamulia tui na ya kupikia wali aliyapima kwa kikombe, kama muuza duka apimavyo mafuta.

Sinia ikaja. Wali wa nazi, mchuzi wa pweza, tasi wa kukaanga, pilipili na ndimu. Tulikula kwa mkono, kimya kimya, kwa maana utamu hauna mazungumzo.

Tulipomaliza, mjukuu wake akaja na kopo na beseni atunawishe. Mimi, kwa mazoea yangu ya bombani, nilisugua na kusuuza, nikasugua tena, nikaashiria aongeze. Mtoto akanitazama, kisha akamtazama bibi yake. Bibi akatikisa kichwa: mpe mgeni. Nilipomaliza, yeye mwenyewe alilibeba lile beseni, akayamwaga maji polepole kwenye shina la mndimu.

Baadaye nilimwomba anionyeshe yanakotoka maji. Akaninyanyulia kifuniko cha birika lililochimbwa chini, ambalo hupokea mvua ya paani. Akateremsha ndoo kwa kamba. Nikaisikia ikigonga sakafu kabla ya kuzama.

"Hii ni mvua ya masika," akasema. "Ikiisha, tunavusha madumu kutoka Shimoni."

Na kila dumu, msomaji, lina nauli yake.

Niliona haya. Sisi wageni tulikuwa tumewasifu samaki kutwa nzima, na samaki bahari huwatoa. Lakini wali, chai na kile kikombe cha maji nilichokigugumia bila kusema asante, hivyo ndivyo vilivyokuwa karamu yenyewe. Nilikuwa nimenawia mvua ya mwezi Mei.

Basi ukienda Wasini na jamaa yako, usiishie mezani hotelini. Pita kwenye bustani ya matumbawe, juu ya ile njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama wa kijiji, ulipe kiingilio chako kwa moyo mweupe. Kula nyumbani kwa mwenyeji ukikaribishwa, na mwani usiukatae kabla hujauonja. Na ukipanda mashua pale Shimoni, beba dumu moja la maji. Ni zawadi isiyohitaji kufungwa kwa karatasi.

Wazee walisema, aisifuye mvua imemnyea. Siku hizi ikinyesha Nairobi, watu wakilalamikia matope, mimi huweka ndoo nje.